Kura ya Mjane wa Bugene

Chonyonyo, Karagwe

Kwako munywani, rafiki yangu Anastazi,

Hujambo huko Bugomora? Magoti bado yanakufikisha kwenye pombe ya rubisi, au siku hizi rubisi ndiyo inakufuata nyumbani? Mimi ni mzima. Migomba inazaa, meno yanapungua.

Juzi nilikukumbuka sana. Unaikumbuka kompyuta ya kwanza, ile ya ofisi ya kahawa Bugene? Ilikuwa na chumba chake na pazia lake, wakati karani mwenyewe kwake hakuwa na mlango. Tulivua viatu kwenda kuitazama, sisi ambao kanisani tuliingia navyo. Wewe ukamwuliza karani kama ni dume au jike. Kubwa kama ngoma, na kazi yake kujumlisha kilo tu! Leo binti yangu Vero anasema hii simu ya mfukoni inaizidi ile akili mbali sana, lakini hakuna anayeivulia hata kofia. Ile raha ya kushangaa pamoja imekwenda wapi, Anastazi?

Simu hizi za kupapasa nilizikataa miaka mingi, unajua. Nilisema ni za watu wasio na majirani. Wasomi husema watu hufuata vitu vipya kwa ajili ya maendeleo. Waongo! Byarugaba wa hapa kijijini alinunua redio ili mkewe aache kushinda kwa jirani mwenye redio. Na mimi nimenunua simu kwa sababu kuna mjane mmoja Bugene hataki salamu za kupitia watu, anataka ujumbe. Tangu mke wangu Beata azikwe, nyumba hii husikii kitu ila mimi nikikohoa.

Kuandika kwa kidole kulinishinda. Vero akanifundisha kuisemesha simu, iandike yenyewe. Nikaiambia nakuja kula kwako Jumapili. Unaujua ulimi wetu sisi Wanyambo, L na R kwetu ni mapacha. Ikaandika nakuja kura kwako. Mama huyo akajibu akiuliza uzee huu nagombea nini, udiwani? Nikasema namgombea yeye. Akasema kura yake ninayo, ila ya kaka yake nikaiombe mwenyewe.

Sasa kaa chini. Mjane huyo ni Eustadia, dada yako.

Nilitaka kukupigia, akakataa. Alisema kwenye simu nitatania, utacheka, na jambo litapotelea kwenye kicheko. Niandike kwa mkono, na nisitanie. Utani umeingia hivyo hivyo, lakini hapa sitanii: namtaka, na bila ndiyo yako hatakuja.

Ukikubali, njoo. Ukikataa, njoo pia, unikatalie usoni, karatasi isinikatalie.

Msalimie Immaculata na wote wa hapo.

Ni mimi,
Ndyamukama
(shemeji sijathubutu kuandika)