Paji la Teresia

Embu mjini, 3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo, na goti je? Mimi ni mzima, ila mikono haitoki weusi hata niisugue vipi.

Zile mbao za jiko la zamani mlizoniachia mlipolibomoa, nimezichora. Moshi wako wa miaka yote ungali umeshika, nami nakwangua kwa kisu mpaka mtu atokee. Nimeongeza makaa ya Kiritiri, chai ya rangi na vipande vya gunia la majani chai. Ubao mkubwa kuliko yote ni wewe, unatoka msituni na mzigo wa kuni. Njue wa lori la mboga atakuonyesha picha kwa simu yake.

Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi, tarehe mosi Machi. Njoo. Na uniletee mukwa wako, ile kamba ya ngozi uliyobebea kuni kichwani. Nataka kuupigilia chini ya ubao.

Mwanao,
Gatwiri


Kibugu, 9 Februari 2025

Gatwiri binti yangu,

Mimi ni mzima, goti linalalamika kama kawaida. Wewe ndiye una wazimu.

Nimeiona picha. Kuni sawa, gunia sawa. Lakini paji la uso! Umenichora bila kitambaa, na lile bonde lililoachwa na mukwa umelikata katikati ya paji kama mfereji wa shamba. Tangu uingie shule ya nasari hakuna mtu wa nje aliyeniona bila kitambaa, hata mchungaji. Sisi akina mama wa kanisa wengi tuna mabonde hayo, na kila mmoja analifunika lake kimyakimya. Langu umelianika mjini.

Lifute. Na mukwa hupati.

Mama yako


Embu mjini, 14 Februari 2025

Mama,

Natumaini umeamka salama. Pole kwa hasira niliyokutia, lakini sifuti. Hata nikitaka siwezi, kwa sababu bonde hilo sikulichora. Nililichonga kwa patasi mpaka ubao mweupe ukatokea.

Unakumbuka nilivyokuwa nalala utotoni? Kidole changu kilikuwa hapo kwenye paji lako, kinakwenda na kurudi mpaka usingizi unichukue. Sasa unaniambia ni aibu. Aibu ya nani, Mama? Hukuiba kitu. Afadhali nifunge maonyesho yote kuliko kushika msasa.

Mwanao mkaidi,
Gatwiri


Embu mjini, 4 Machi 2025

Mama,

Hujambo? Hukujibu, na Jumamosi hukuja. Watu walijaa, wengine wakasimama mbele yako muda mrefu.

Jana Mzee Nthiga wa kanisa lenu alikuja na wazee wawili. Akasema mwanamke wa kanisa haonyeshwi hivyo, niushushe ubao au niufunike kwa leso, na kwamba anasema kwa niaba yako. Nilimwambia ubao haushuki. Amesema atarudi tarehe kumi na tano.

Nakuuliza jambo moja tu. Wewe ndiye uliyemtuma?

Mwanao,
Gatwiri


Kibugu, 10 Machi 2025

Gatwiri binti yangu,

Salamu. Goti limepona kwa hasira.

Sikumtuma. Mimi nilikukataza kwa sababu paji ni langu. Nthiga ana nini pale? Tukitoka msituni na mizigo, yeye alikuwa anatembea mbele mikono mitupu, akituambia tuharakishe. Leo ndiye wa kunifunika?

Jana kanisani, wakati wa matangazo, alianza habari za ubao wako. Nikasimama. Nikafungua kitambaa, nikakikunja, nikakiweka ndani ya Biblia. Nikamwambia, "Wee Nthiga, picha iko Embu lakini mimi mwenyewe niko hapa. Kuja unifunike basi." Akaketi. Kisha mke wake akafungua chake.

Njue anakuletea mukwa. Usiupigilie chini. Upigilie juu, usawa wa macho ya Nthiga akija. Nami siku hiyo nitakuwepo, kichwa wazi, nimesimama kando ya ubao wangu.

Ila sikio umelichora kubwa mno. Hilo ni makaa tu. Lifute.

Mama yako,
Teresia