Gari la Baiskeli Tatu

Baba watoto,

Sisi wazima. Kitindamimba kang'oka jino, sasa anapiga mluzi kutwa.

Uliniandikia nisinunue gari mpaka urudi, eti mwanamke peke yake atauziwa mkweche. Nimenunua. Nilikwenda yadi na watoto na baiskeli zetu, tukawa tunalaza viti vya nyuma vya kila gari na kuzipakia. Muuzaji akanuna: "Mama, hapa tunauza magari, si gereji ya baiskeli." Nikamjibu kwamba lisilozimeza abaki nalo. Lile dogo jekundu ulilokuwa ukilisifia lilishindwa na baiskeli ya kwanza. Nimechukua la kijivu, la kizamani, lenye mlango mpana nyuma. Fundi alilala chini yake, akatoka akitabasamu. Halinywi sana mafuta, na vipuri vyake vimejaa tele madukani.

Dada yako ameniambia habari za mwanamke wa huko na mimba yake. Sina swali.

Jumapili tunakwenda ziwani. Zinaingia baiskeli tatu, yangu na za watoto. Yako hata sikuijaribu.

Ni mimi,
mwenye gari