Maji Niliyoyaacha Mlangoni

Mama,

Mi niko. Najua ungekuwa hapa ungeanza kwa kuuliza kama nimekula. Nimekula: nsima na majani ya maboga, kwa Mama Mdogo. Ile nsima uliyokuwa unasema ni uji uliosahauliwa kwenye moto. Bugali ya muhogo tutaipata siku nyingine.

Nakuandikia nikiwa nje ya nyumba yako hapa kambini Dzaleka, nimekaa kwenye lile tofali kubwa karibu na mlango. Sasa njo nyumba ya Mama Mdogo. Alihamia hapa baada ya mazishi yako, kwa sababu mvua iliangusha ukuta wake. Pazia lako amelibakiza. Cherehani yako pia iko, lakini hakuna anayeikanyaga.

Uliniacha msaidizi tu kwenye ile kliniki ya Nsungwi: natandika vitanda, namwaga vyombo vya choo, naogesha bagonjwa. Kazi ni ile ile, lakini sasa asubuhi naingia darasani mjini Lilongwe nasomea uuguzi, halafu mchana napanda baiskeli ya kabaza mbio mbio mpaka kliniki. Ulifunga na kuomba kwa ajili ya ile nafasi, wee, mpaka magoti yakavimba. Imekuja, na we hauko. Inaniuma, Mama. Nasema wazi, inaniuma.

Mwezi uliopita mwalimu wetu, mama mmoja wa Kimalawi asiyecheka ovyo, aliniita mbele nionyeshe namna ya kuogesha mgonjwa asiyeweza kuamka kitandani. Mgonjwa mwenyewe ni mdoli wa plastiki, mkubwa kama mtu. Bon, hiyo kazi naijua. Unafunua mkono mmoja, unaosha, unakausha, unafunika, njo unaenda kwa mwingine. Mtu habaki uchi hata kidogo. Nilipofika kwenye kifua cha ule mdoli, mikono yangu ikakataa. Nikalia mbele ya darasa zima, kitambaa kinadondosha maji kwenye viatu vyangu. Benzangu balicheka: eti sisi Bakongo tunalilia hata plastiki! Mwalimu hakucheka. Aliniambia nikanawe uso nirudi kumaliza, na nikamaliza.

We unajua kwa nini nililia. Kila nilipokuja kutoka Lilongwe nilikukuta umefunga kikwembe juu mpaka karibu na shingo, iwe joto, iwe baridi, na mkono wa kushoto umeubana kwenye mbavu. Ukasema uliulalia vibaya. Mkono gani unalaliwa vibaya miezi yote ile? Nikachemsha maji, nikaleta beseni, nikasema, Mama, niache nikuogeshe, hii njo kazi yangu. Weee! Ulivyonitazama! "Mutoto hawezi kuona mama yake uchi. Ulizaliwa wapi, we? Wende uite Mama Sifa." Na mi, muuguzi mzima wa kesho, nikaenda kumwita jirani.

Kwetu Uvira njo hivyo, na hapa kambini tulikuja na desturi zetu zote, hata tulipoacha masufuria njiani. Sikukulaumu. Lakini asubuhi ya siku ile nilikuwa nimeogesha gogo mmoja, vile bibi anaitwa huku, wa mtaa wa Area 23, bibi wa bantu nisiobajua kabisa, na yeye alinishika shavu akaniambia, "Zikomo, mwana wanga," yaani asante, mwanangu. Bibi wa bantu alikubali mikono yangu. Mama yangu akaikataa.

Mama Sifa aliuona uvimbe kwenye ziwa lako. Ulimwapisha asiseme, akashika kiapo. Siku tuliyojua, uvimbe ulikuwa umeshapasuka, na daktari wa Lilongwe aliongea na mi pole pole, vile tunavyoongea na bantu wakati hakuna tena la kufanya. Mama Sifa bado namsalimia. Kuna siku namsalimia nikiwa nimekaza meno.

Na ulipokufa, vile vile. Bamama ba kanisa balikuja na vikwembe vyao vya kwaya kukuosha. Kazi yangu ikawa kuchemsha maji. Nilileta ndoo mpaka mlangoni, mkono ukatoka, ukaichukua, mlango ukafungwa. Nikaleta nyingine. Nilisikia maji yanamwagika mle ndani, na nilitaka kupiga kelele: pole pole jamani, ule mkono wa kushoto unamuuma! Kama vile ulikuwa bado unakuuma.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Mama Mdogo aliteleza kwenye matope ya bomba, nyonga ikavunjika. Hopitali balimrudisha nyumbani, na tangu hapo analala chali kutwa. Juma lililopita nilipoingia nilisikia harufu. Pua yangu inaijua, Mama: ni kidonda cha mtu anayelala bila kugeuzwa. Nikamuuliza. Akasema ni mafuta ya kupaka. Nikaleta beseni, akavuta shuka mpaka kidevuni: "Mutoto ya dada yangu ni mutoto yangu. Ita Mama Sifa."

Yale yale! Nikatupa kitambaa ndani ya maji, nikatoka, nikaja kukaa hapa kwenye tofali. Nikafoka, majirani basikie kama banataka: nimeshazika mmoja kwa mambo haya, wa pili siziki, bora mnichukie wote!

Halafu Mama Mdogo akaanza kucheka mle ndani, kile kicheko chenu cha puani.

"Aa, kweli njo yeye. Mama alikuwa anafoka vile vile." Akaniita: "Nabintu! We si njo mama yetu? Ingia basi, uogeshe mutoto yako."

Nilibaki nimekaa. Nabintu ni jina la mama yako, ulinipa siku niliyozaliwa, na tangu hapo ukawa unaniita mama. Ulisema: "Mama, naomba ruhusa niende sokoni." "Mama, mtoto wako ana njaa." Nilikuwa ndo kwanza najua kutembea, na bantu bazima balikuja nyumbani kunisalimia kwa heshima ya bibi, banichagulie samaki mkubwa. Kwetu anayebeba jina njo mwenyewe, nani hajui? Na mama akiogesha mtoto wake, nani atasema kitu?

Njia ilikuwepo, Mama. Ilikuwa kwenye kinywa chako kila asubuhi, na ile siku ya beseni tukaisahau wote wawili. Ningesimama tu pale nikuambie: mi ni mama yako, funua. Ungecheka. Labda ungefunua. Hiyo labda njo inaninyima usingizi.

Niliingia. Kidonda kiko chini ya kiuno, na hakijaingia ndani sana. Nilikisafisha, bamekiona bauguzi ba kambi, na kila ninapopata nafasi narudi. Mama Sifa nimemfundisha kumgeuza siku ambazo mi niko Lilongwe. Nikamwambia, safari hii ukiona kitu unipigie simu, hata bakuapishe mara ngapi. Akalia. Nikalia na mi, basi, tukawa bapumbavu bawili kwenye beseni moja. Leo kidonda ni chekundu, kisafi, hakinuki tena. Kitapona.

Nakuahidi hivi. Nitamaliza masomo, na ule mdoli simlilii tena, ama nitamlilia kidogo tu. Na nikijaliwa binti, nitampa jina lako. Sitangoja niugue njo nimkumbushe. Atajua tangu mdogo kwamba yeye ni mama yangu, na siku nikishindwa kuamka, maji atayaleta yeye mwenyewe, mpaka ndani.

Maji ya Mama Mdogo yamechemka, anaita. Ngoja niende.

Lala vizuri, mtoto wangu. Usiulalie ule mkono.

Mama yako,
Nabintu