Kazi Naipenda, Bosi Ananipenda, Ila Sisogei

Mpendwa Mshauri,

Msaada ninaouomba huenda ukakuchekesha, maana hakuna anayenionea. Nina miaka ishirini na minane, nilisomea chuoni ufundi wa meno ya bandia, na huu ni mwaka wa tano nafanya kazi katika karakana ndogo ya vyumba viwili na mapokezi, tuko watu watatu tu, Mzee mwenye karakana, dada yake tunayemwita Shangazi ambaye ndiye anayepokea wagonjwa, na mimi, na nakuapia nikiamka asubuhi miguu yenyewe inataka kwenda, kwa sababu pale hakuna ugomvi, Shangazi ananichekesha mpaka nashika mbavu, na Mzee ananiita mwanangu na kweli ananitunza kama mwanawe.

Kazi imegawanywa hivi tangu siku niliyoingia: mimi nayeyusha nta, napanga meno, natengeneza ufizi, nasugua na kung'arisha, na Mzee anafanya rangi. Jino la bandia likiwa jeupe mno mtu anaonekana kama amebandika kigae mdomoni, kwa hiyo lazima lifanane na meno yake mwenyewe yaliyobaki, na rangi hiyo Mzee huichanganya peke yake, dirishani, mgonjwa ameketi mbele yake na mlango umefungwa. Miaka mitano sijawahi kuingia chumba kile mgonjwa akiwemo. Ninachokijua kuhusu rangi nimekipata kwa kuchungulia.

Sasa niungame. Miezi miwili iliyopita alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyepungukiwa jino moja la mbele, nikamwangalia kutoka mlangoni alipokuwa akicheka na Shangazi, nikaenda nikatengeneza jino lake kwa rangi yangu mwenyewe, na Mzee alipomaliza la kwake nikalitia mfukoni, nikaweka langu mahali pake, sijui shetani gani alinipanda. Baada ya wiki yule mama akarudi kushukuru. "Hata mume wangu ameshindwa kujua lipi la dukani!" Mzee akampeleka dirishani, akalitazama jino kwa muda mrefu, kisha akaja kusimama mezani kwangu.

"Ni lako hili."

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

"Zuri. Zuri kweli kweli. Usirudie."

Hakukasirika hata kidogo, na ndipo nikapata ujasiri wa kumwuliza, "Mzee, miaka mitano ijayo hapa nitakuwa nani?" Akacheka kwa upendo. "Utakuwa wewe wewe, mwanangu. Kwani una kasoro gani?" Shangazi akadakia kutoka mapokezi, "Labda atanenepa!" Tukacheka wote watatu, nikarudi kwenye nta yangu, na nilikuwa na raha, Mshauri, hilo ndilo lililonitisha.

Sasa hospitali kubwa ya mji mwingine imekubali ombi nililolituma kimya kimya. Nitaanza chini kabisa, mwaka mzima nikiwa msaidizi wa msaidizi, lakini wanafundisha rangi, mgonjwa ana kwa ana, na anayefaulu anapewa meza yake. Wanataka jibu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Mama anasema shukrani ya punda ni mateke, kwamba Mzee alinichukua wakati hakuna aliyenitaka. Nami najiuliza kama ninachotafuta ni kukua au ni majivuno tu, na mtu mwenye raha ana haki gani ya kuondoka.

Msichana wa Nta

JIBU

Binti yangu,

Nianze kwa kukugombeza, tumalizane. Mdomo wa mtu si karatasi ya mtihani. Yule mwalimu alikuja kutafuta jino, hakuja kukupima wewe, na lingekaa vibaya ungenisimulia nini? Mzee mwingine angekufukuza siku ile ile. Usirudie, kama alivyosema.

Sasa tuje kwenye swali lako. Wanaoniandikia wengi wana mabosi wanaowaambia "mwakani, mwakani" mpaka mvi zinaota. Wako amekwambia kweli, tena kwa kicheko. Karakana yake ina kiti kimoja dirishani, amekikalia, ana afya na anakipenda. Hana kosa. Lakini kwa pumzi moja amesifu kazi yako na kukukataza kuifanya, na wewe umesoma vya kutosha kuelewa maana yake. Kinachokuzuia pale si uwezo wako.

Nadhani umekuwa ukitafuta ubaya wake ili upate ruhusa ya kuondoka. Hutaupata. Ni mtu mwema. Muage mtu mwema. Na kama bado una shaka, taja kitu kimoja unachokijua mwaka huu ambacho mwaka jana hukukijua. Ukiona kila unachokitaja ulikiiba mlangoni, basi kazi hiyo ilishamaliza kukufundisha, hata kama haijamaliza kukuchekesha.

Majivuno? Mwenye majivuno hakubali kuwa msaidizi wa msaidizi. Na mama yako mpe salamu zangu, mwambie teke ni kuondoka bila kuaga.

Kwa hiyo usiingoje Ijumaa. Jumatatu andika kwamba umekubali, uombe mwezi mmoja kabla ya kuanza. Jumanne asubuhi, kabla hujawasha moto wa nta, mwambie Mzee mwenyewe, umesimama. Usimtangulize Shangazi, mtaa mzima utajua kabla ya saa nne. Usimwombe Mzee ushauri, atakwambia ubaki na wewe utatii. Akikuita dirishani siku hiyo akuonyeshe rangi, nenda, jifunze, shukuru, halafu endelea kufunga mizigo. Mwezi huo mfundishe atakayeshika nafasi yako, na umweleze wazi mgawanyo wa kazi ulivyo, aamue mwenyewe.

Huko uendako wiki ya kwanza utaosha vifaa na utalia chooni ukikumbuka vicheko. Lia, nawa uso, rudi kazini. Siku mgonjwa wako wa kwanza atakapoketi mbele yako, usikimbilie meno. Msalimie kwanza, umwulize jina lake.