Kikombe Kimoja Kilichombakia Sophia

Sophia mwanangu,

Uji upo kwenye chupa. Dawa unywe ukishakula. Leo usicheze gemu kabisa. (Hilo nimelikata. Cheza, ila uwe unapumzika.)

Jana nilikufokea: "Vikombe vyote vya mbio za magari umeshashinda, hicho kimoja cha nini?" Ukanijibu, "Baba, shule ugonjwa umenikatisha. Hiki nataka nikimalize."

Asubuhi nimekukuta umelala na pedi ya gemu mkononi, machozi yamekukaukia. Nikaichukua, nikajaribu mwenyewe. Kila mara gari linapinduka kona ileile ya darajani. Nimechelewa kufungua duka letu la mtaa wa Gerezani, na bado nina hasira na kona ile.

Jioni nitawahi kurudi nikae nawe. Tukikikosa leo, tutakirudia kesho.

Baba yako