Mji wa Mimba

Bweni la Wakunga Wanafunzi, Nairobi
14 Januari 1957

Mwalimu wangu,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama Naliaka. Kifua chake kimepoa? Mimi sijambo, ila miguu. Tunasimama kutwa, na viatu nilivyonunua Ngara vinanibana.

Siku ile nilipokuja kukuaga uliendelea kuchonga penseli mpaka ikawa fupi kama kidole gumba. Nikaondoka bila kusema nilichokuja kusema. Nakisema sasa: ahsante. Ulinikuta msichana wa kukariri, ukanifundisha kuuliza kabla ya kuandika. Miaka mitatu tumekaa meza moja na kitabu chako cha mwili wa binadamu, ili watoto wa shule wausome kwa Kiswahili, na kila neno nililiandikia kadi yake.

Najua ulitaka niende chuo cha ualimu, kisha nirudi tukimalize. Nilijaribu kuitaka njia hiyo. Lakini nilikuwa nikiandika habari za moyo na sijawahi kuusikia moyo wa mtu mwingine ukipiga. Nimechagua ukunga.

Naomba baraka yako tu.

Mwanao,
Munyiva


Mutuini
2 Februari 1957

Munyiva,

Sisi wazima. Kifua cha Mama Naliaka kimepoa, anakusalimu.

Barua nimeisoma. Kadi za herufi M uliziacha bila kupangwa. Nimezipanga mwenyewe. Sura ya uzazi itakwenda Karen mwezi wa Agosti, kwa yule bibi anayetupigia taipu.

Shukrani ya kazi ni kuimaliza.

Mwalimu Zedekiah


Bweni la Wakunga Wanafunzi, Nairobi
6 Mei 1957

Mwalimu wangu,

Natumaini mvua haijawaingilia ndani mwaka huu. Mimi nina afya. Viatu vimelegea.

Jana aliletwa mama mmoja, Peres, mke wa karani wa reli. Daktari akaniambia nimwulize anaumwa wapi. Nikamwuliza kwa neno letu la kadi ya 688, mji wa mimba, nikalifupisha.

"Mama, mji unauma?"

"Mji wangu?"

"Ndiyo, mji wako."

"Mji wangu ni Kisumu, sista. Nilitoka huko Krismasi, hapakuwa na shida."

Kitanda cha pili yuko mama wa kwetu Ukambani, Kanini. Akadakia, "Mwambie daktari Machakos nako hakujambo, ila jua!"

Wodi nzima ikacheka. Peres naye alicheka, ameshika chuma cha kitanda, mpaka uchungu ukamkata kicheko. Tulipoteza muda, Mwalimu. Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Lakini nilisimama pale na neno sahihi mdomoni na halikunisaidia kitu.

Baadaye nikamwuliza Kanini wao husemaje. "Nyumba ya mtoto," akasema, kama mtu aliyeulizwa jina la kijiko. Leo nimewauliza wanawake tisa kwa neno hilo. Wote wamenielewa.

Tafadhali badilisha kadi ya 688 kabla sura haijaenda Karen.

Mwanao,
Munyiva


Mutuini
15 Mei 1957

Munyiva,

Sisi wazima.

Mji wa mimba ni Kiswahili safi. Nililipata Mombasa kwa wenyewe, mwaka 1938. Mimi ni Mbukusu, lugha hii sikuzaliwa nayo, niliipata kwa jasho. Nikiandika ovyo watasema watu wa bara tumeiharibu. Kitabu humfundisha msomaji, hakimfuati kitandani.

Wewe mwenyewe ulichagua kuondoka mezani. Usirudi mezani kwa njia ya posta.

Mwalimu Zedekiah


Bweni la Wakunga Wanafunzi, Nairobi
22 Mei 1957

Mwalimu wangu,

Salamu kwenu. Mimi mzima.

Sitaki meza. Nimekuandikia kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kuuliza. Je, neno hili uliwahi kumwuliza mama yeyote? Mwulize mmoja tu. Ukiona bado libaki peke yake, libaki, nami sitakusumbua tena.

Mwanao,
Munyiva


Mutuini
8 Septemba 1957

Munyiva, mwanangu,

Hujambo? Na miguu? Mama Naliaka anasema uiloweke katika maji ya chumvi, ya vuguvugu, si ya moto.

Nimekaa na barua yako zaidi ya miezi mitatu. Sikuona haya kukujibu, niliona haya kuuliza. Sura ilikwenda Karen kama ilivyokuwa. Jumapili iliyopita Mama Naliaka alikuwa akikata mboga za sukuma. Nikamwuliza, "Mji wa mimba ni nini?"

Akafikiri. Akasema, "Uko upande wa Kitale?"

Amezaa watoto saba, Munyiva. Nimeandika kurasa kumi na tisa juu ya jambo hilo, chini ya paa moja naye, na sikuwahi kumwuliza. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akaniambia mambo matatu ambayo hayamo kitabuni.

Juzi nilikwenda Karen kwa baiskeli nikaiomba sura. Bibi yule hakufurahi, alikwisha kupiga nusu. Kadi ya 688 sasa inasema: nyumba ya mtoto, pwani husema mji wa mimba. Nimeyaweka yote mawili. Lile la Mombasa sikuweza kulifuta, utanisamehe.

Uliniomba baraka. Maneno ya namna hiyo hayanitoki vizuri. Nimekufungia kadi hamsini tupu, zile nene, pamoja na penseli. Safari hii niliacha kuchonga mapema.

Anza na kile kinachotoka baada ya mtoto. Sisi tuliandika kondo la nyuma. Waulize.

Baba yako,
Zedekiah