Bei ya Kumfukuza Mzee Mbarouk

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Ame seremala, jirani yangu hapa Konde, kaja na kipande cha boksi chenye vipimo. Mzee Mbarouk anafungua duka la nguo karibu na soko, anataka kutengenezewa ndani: rafu kuta tatu, kaunta, kabati la vioo, dari ya mbao. Kataka bei kwa maandishi, na mwenye taipureta ni mimi, ya kuandikia habari za gazeti.

Kazi nzuri. Ame hajapata nyengine tangu Ramadhani. Lakini Mbarouk ni wa chama kile, Ame wa hiki. Siku hizi watu hawanunui kwa wa chama chengine, hawapandi gari moja, hawazikani. Habari hiyo nimeipeleka gazetini mara mbili. Haikutoka.

Jumanne, 5 Agosti
Nyange, mkubwa wa tawi la chama cha Ame, kapita kiwandani kwake. Nilikuwapo. Hakupaza sauti. Kauliza randa inakata vipi, kasifu vanishi, kisha akasema: "Kazi ya Mbarouk chukua, Ame. Ila mamako akifa, usitume mtu kutwambia."

Mama mtu, Bi Kazija, yumo kitandani. Kifua. Daktari wa Wete kampa dawa na hakusema arudi lini.

Jumatano, 6 Agosti
Ame ameamua kuiacha kazi — lakini kukataa hawezi. Mbarouk alikuwa rafiki wa marehemu babake, na msumeno wa kwanza alimnunulia yeye. Mzee kama huyo haambiwi sitaki. Basi bei imwambie.

Nimepiga hesabu ya kweli: mbao, vioo, bawaba, misumari, ujira. Shilingi mia sita. Ame kasema niandike elfu na mia mbili, mzee ashike kichwa mwenyewe aende zake. Nikaandika. Nimeona kazi nyingi zikikataliwa hivyo, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Bi Kazija alikuwa anatusikia kutoka chumbani. "Mwanangu, chukua kazi ya watu. Mie kaburini 'takwenda kwa miguu."

Tulicheka wote watatu. Yeye kicheko kilimgeukia kikohozi.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumeipeleka karatasi ya bei. Mbarouk kavaa miwani, kasoma mpaka chini, kaikunja karatasi kaitia mfukoni. Hakupunguza hata senti! Kumbe hana mwengine. Fundi aliyemtegemea kahamia Tanga. Kamtia Ame arbuni, pesa za kuanzia kazi, mkononi.

"Bei yako mwenyewe, baba. Nimeikubali."

Ame angeweza kusema tumekosea hesabu. Nilimtazama aseme. Kasema ahsante, mzee wangu. Njiani kaniambia: bei ukishaitaja na mtu akaikubali, unarudi vipi?  

Jumamosi, 9 Agosti
Ame kaanza kupima kuta za duka. Alasiri kapita barazani kwa akina Nyange, katoa salamu. Haikuitikiwa. Mmoja kauliza hewani kama siku hizi roho nazo zinauzwa kwa futi. Wakacheka.

Jumatatu, 11 Agosti
Bi Kazija amefariki alfajiri. Ame hakumtuma mtu kwa Nyange. Alikwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kila alipobisha aliitikiwa na mwanamke: bwana hayupo.

Wanawake wawili wamemwosha. Kaburi tumechimba Ame na mimi. Mwalimu wa msikiti kaja kusalisha, lakini ni kipofu, na miguu yake mibovu; kubeba hawezi.

Adhuhuri kaja Mbarouk. Wenziwe wa chama walimsindikiza mpaka barabarani wakasimama pale pale. Kawaita mara moja, wakatazama chini. Kaingia peke yake.

Ndiyo hali ilivyo ninapoandika haya, nimekaa juu ya benchi la Ame la kupigia randa. Tumeshasali. Jeneza liko uani. Mbarouk kavua koti, kashika mti wa mbele wa kulia. Ame kashika wa kushoto. Nyuma nangojwa mimi tu; mti wa nne hauna mtu. Wanaume wa barabarani wako barabarani. Wa barazani, akina Nyange, wako barazani, ng'ambo ya njia. Wanaona kila kitu.

Ame hajaita mtu. Kasema tu, bila ya kugeuka, "Tutambeba hivi hivi."

Nyange kainuka. Mwenziwe kamshika kanzu, kamwambia kitu. Hakukaa, wala hakuja. Anatafuta makubadhi yake kwa mguu. Moja kalivaa.